Mwongozo wa blakijeki: soma sheria za meza kabla hujaweka dau

Nyuma ya duka moja la kinyozi hapa Kondele, Kisumu, kuna meza ya mbao ambayo Jumapili jioni haikosi watu wa kadi. Mimi niligawa kadi kwenye kasino kwa miaka sita kabla sijarudi nyumbani, kwa hiyo blakijeki, mchezo wa kadi wa kutafuta 21 dhidi ya mgawaji, ikitajwa tu, macho yote hunigeukia. Na maswali ni yale yale. Mbona kwenye simu nimepata blakijeki nikalipwa kidogo kuliko jana? Mbona kwenye video za Marekani mgawaji ana kadi mbili, na hapa mjini ana moja? Mbona jedwali la uchezaji nililopakua liliniambia nipige maradufu, yaani niweke dau la pili, nikafuata, nikapoteza madau yote mawili?

Jibu la yote matatu ni moja: jina ni moja, michezo ni mingi. Sisi wa kadi ya mtaani tulipaswa kuwa wa kwanza kulielewa hili. Nilikua nikijua kwamba huwezi kumaliza kadi zako, yaani kushinda, kwa swali (Q au 8, kadi zinazodai jibu). Nikaenda kumtembelea shangazi yangu Nakuru, Section 58, nikaketi na vijana wa hapo, mmoja akasema "niko kadi", yaani zamu ijayo anamaliza, na zamu yake ilipofika akamaliza kwa Q. Nikabisha hadi mishipa ya shingo ikasimama. Wakaniambia kwao ni ruhusa, na walikuwa wanasema kweli. Sikudanganywa. Sikuuliza tu kabla kadi hazijagawiwa.

Blakijeki ni hivyo hivyo, ila huko kutouliza hulipiwa kwa pesa. Sheria moja ikibadilika, uamuzi uliokuwa sahihi jana unakuwa kosa leo. Hatua zilizo hapa chini ni za mtu anayeanza kabisa. Ukiwa hujafika miaka 18, kasino na kamari za simu haziruhusiwi kwako kisheria. Cheza kwa maharagwe, na utajifunza kila kitu kilichomo humu.

Vitu vya kuandaa

- Pakiti moja ya kadi. Toa joka zote, zibaki 52. Kadi iliyokunjika pembe inatambulika hata ikifunikwa, kwa hiyo kama pakiti yako imechoka, nunua nyingine.
- Maharagwe makavu 100 kwa kila mchezaji. Haya ndiyo pesa yako ya mazoezi. Njugu karanga hazifai, zinaliwa kabla ya mchezo kuisha.
- Daftari na kalamu.
- Mtu wa pili, ili mpokezane kugawa.
- Jioni tatu au nne. Asikudanganye mtu kwamba utajifunza kwa dakika kumi ukisubiri matatu.

Hatua ya 1: Jua thamani ya kadi

Kadi za 2 hadi 10 zina thamani ya namba zake. J, Q na K kila moja ni 10. Ree, au esi kama tunavyoiita huku, ni 1 au 11, kwa namna inayokufaa. Aina ya kadi, iwe kopa au maua, haina kazi hapa. Lengo ni kumshinda mgawaji bila kuvuka 21. Ukivuka, umechomeka, na dau lako linachukuliwa papo hapo.

Blakijeki yenyewe ni esi pamoja na kadi ya kumi katika kadi zako mbili za kwanza. Ukifika 21 kwa kadi tatu, hiyo ni 21 ya kawaida. Wageni wengi hupiga kelele za furaha hapa bure.

Hatua ya 2: Anza kwa kugawa, usianze kwa kucheza

Keti upande wa mgawaji na ugawe mizunguko 40. Mgawaji haamui chochote. Akiwa na 16 au chini anaongeza kadi, akifika 17 anabaki. Kila mzunguko, andika daftarini kadi yake ya wazi na kama alichomeka.

Mambo mawili yatakuingia kichwani. La kwanza ni kwamba mchezaji hutangulia. Mchezaji akichomeka, maharagwe yake yanaondoka mezani hata kama mgawaji naye atachomeka dakika moja baadaye. Faida ya kasino inatoka hapo. Haihitaji uchawi wala kadi za kupangwa. La pili ni kwamba kadi ya wazi inaongea. Mgawaji mwenye 6 huchomeka takriban mara 42 kati ya 100. Mwenye kadi ya kumi, mara 21 hivi. Daftari lako la mizunguko 40 halitatoa namba hizo sawasawa, lakini utaona mwelekeo.

Hatua ya 3: Kariri jedwali la msingi

Mwaka 1956 wanaume wanne waliokuwa wamehudumu pamoja katika jeshi la Marekani huko Aberdeen, Maryland, yaani Baldwin, Cantey, Maisel na McDermott, walichapisha hesabu ya uamuzi bora kwa kila hali ya mezani. Waliifanya kwa mashine za kujumlisha za mezani, kabla kompyuta hazijawa kitu cha kawaida. Zilizokuja baadaye zilirekebisha kidogo tu. Ninakutajia hili ili ujue kwamba jedwali ni hesabu ya watu, na hesabu inaweza kukaguliwa. Halijatoka kwa mtu aliyeota namba.

Hili ni la meza yenye pakiti kadhaa, ambapo mgawaji hubaki kwenye kila 17 na ana kadi ya pili iliyofunikwa ambayo huichungulia:

1. Jumla ya 8 au chini: ongeza kadi.
2. Ukiwa na 9: piga maradufu mgawaji akiwa na 3 hadi 6, vinginevyo ongeza. Kupiga maradufu ni kuweka dau la pili sawa na la kwanza na kupokea kadi moja tu.
3. Ukiwa na 10: maradufu dhidi ya 2 hadi 9. Ukiwa na 11: maradufu dhidi ya 2 hadi 10.
4. Ukiwa na 12: baki dhidi ya 4, 5 na 6 tu.
5. Ukiwa na 13 hadi 16: baki dhidi ya 2 hadi 6, ongeza dhidi ya 7 na kuendelea.
6. Ukiwa na 17 au zaidi isiyotegemea esi: baki.
7. Esi na 7: baki dhidi ya 2, 7 na 8, maradufu dhidi ya 3 hadi 6, ongeza dhidi ya 9, kumi na esi. Esi na 6: maradufu dhidi ya 3 hadi 6, vinginevyo ongeza, usibaki nayo kamwe.
8. Esi mbili, au 8 mbili: tenganisha, yaani zifanye michezo miwili yenye dau kila mmoja. 5 mbili na kumi mbili: usitenganishe.

Haya hayamalizi jedwali lote, lakini yanabeba sehemu kubwa ya mizunguko utakayoiona. Chezeni kwa maharagwe hadi usihitaji kutazama karatasi.

Tahadhari: kinachowashinda watu wengi ni namba 5. Kuongeza kadi ukiwa na 16 dhidi ya 10 kunauma, maana unachomeka mara nyingi. Ukibaki unapoteza zaidi, ila unapoteza polepole kwa mkono wa mgawaji, ndiyo maana hakuumi sana. Nimewaona watu wazima, wenye biashara zao, wakishindwa kuongeza hapo kwa miezi.

Hatua ya 4: Uliza blakijeki inalipa ngapi

Kuanzia hapa unasoma meza. Swali hili ndilo la kwanza, na kama una nafasi ya kuuliza moja tu, uliza hili.

Malipo ya jadi ni tatu kwa mbili: dau la shilingi 100 linaleta 150. Kuanzia miaka ya 2000, meza nyingi za Las Vegas, hasa za madau madogo, ziligeukia sita kwa tano: shilingi 100 inaleta 120. Kwa sikio la haraka, sita kwa tano inasikika kubwa kuliko tatu kwa mbili, na watu hukaa wakidhani wamepata bahati. Hesabu nami. Blakijeki huja karibu mara moja katika mizunguko 21. Katika mizunguko 100 utapata nne au tano. Kila moja imekupunguzia shilingi 30. Umepoteza kati ya shilingi 120 na 150 za ziada bila kufanya kosa hata moja la uchezaji. Kwenye meza yenye sheria nzuri, faida yote ya kasino dhidi ya mtu anayefuata jedwali ni kama nusu shilingi kwa kila mia. Sheria hii peke yake inaongeza karibu shilingi moja na senti 40 juu yake.

Kuna michezo ya simu inayolipa moja kwa moja, yaani 100 kwa 100. Kama mchezo wenyewe hauna jambo lingine kubwa la kukufidia, toka. Sina ushauri wa upole zaidi ya huo.

Hatua ya 5: Hesabu kadi za mgawaji

Tazama mbele ya mgawaji kabla hujacheza zamu yako. Ana kadi mbili au moja?

Marekani hujipa mbili, moja wazi na moja imefunikwa. Kadi ya wazi ikiwa esi au kumi, huchungulia ile ya pili. Ikiwa blakijeki, mzunguko unaisha hapo na wewe unapoteza dau la kwanza tu. Ulaya sehemu nyingi, na kwenye kasino niliyofanyia kazi mimi, mgawaji hujipa moja tu na kungoja wachezaji wote wamalize. Kadi ya pili anaitoa mwishoni. Ikimpa blakijeki, anachukua kila kitu ulichoweka: maradufu yako, madau yako yaliyotenganishwa, yote.

Binamu yangu aliyeko London alinipigia simu usiku mmoja akiwa na hasira. Alikuwa na 6 na 5, mgawaji ana 10. Jedwali alilolipata kwenye tovuti ya Wamarekani likamwambia apige maradufu. Akaweka pauni 10 juu ya 10. Akapata K, jumla 21, akaanza kutabasamu. Mgawaji akatoa esi. Pauni 20 zikaenda. Aliamini ameibiwa. Hakuibiwa, alitumia ramani ya mji mwingine.

Jaribuni mezani kwenu. Weka 10 wazi, usiweke ya pili. Panga pembeni kadi 13, moja ya kila thamani. Katika hizo 13, moja ni esi, na ndiyo inayokuchukulia madau mawili. Badala ya 10 weka esi wazi: sasa kadi nne kati ya 13 ndizo hatari, yaani 10, J, Q na K. Ukiziona zimelala pale mezani utaelewa kwa nini jedwali hubadilika hivi kwenye meza isiyo na kadi ya kufunikwa:

1. Ukiwa na 11 dhidi ya 10 au esi: ongeza tu, usipige maradufu.
2. Ukiwa na 8 mbili dhidi ya 10 au esi: usitenganishe, ongeza.
3. Ukiwa na esi mbili dhidi ya esi: usitenganishe, ongeza.

Mengine yote yanabaki. Meza nyingi za Australia nazo hazina kadi ya kufunikwa, lakini huwarudishia wachezaji madau ya ziada mgawaji akipata blakijeki, isipokuwa yale yaliyokwisha kuchomeka. Huko jedwali la kwanza linafaa zaidi. Ndiyo maana kuona kadi moja peke yake hakutoshi, uliza pia: "Ukipata blakijeki, unachukua madau yote au la kwanza tu?" Mgawaji yeyote mzuri atakujibu bila kinyongo. Mimi nilifurahi kuulizwa.

Hatua ya 6: Tazama 17 yenye esi

Mgawaji akiwa na esi na 6, anabaki au anaongeza? Kwa kawaida jibu limeandikwa kwenye kitambaa cha meza. Kubaki ni nafuu kwako. Kuongeza kunakugharimu kama shilingi 2 katika kila 1,000 unazoweka, na Marekani sheria hiyo imeenea sana. Wengi hushangaa: si akiongeza anaweza kuharibu? Anaweza, lakini 17 ni jumla dhaifu, na kadi moja haiwezi kumchoma kwa kuwa esi hugeuka kuwa 1. Anapata nafasi ya pili bure.

Kwenye meza ya Kimarekani ya namna hiyo, badilisha mambo matatu: 11 dhidi ya esi, piga maradufu, esi na 8 dhidi ya 6, piga maradufu, esi na 7 dhidi ya 2, piga maradufu.

Hatua ya 7: Uliza kuhusu maradufu na kujisalimisha

Meza nyingi za Ulaya hukuruhusu kupiga maradufu ukiwa na 9, 10 au 11 pekee. Basi esi na 6 unaongeza tu, na esi na 7 dhidi ya 3 hadi 6 unabaki. Ukitenganisha esi, sehemu nyingi hukupa kadi moja juu ya kila esi na basi. Hata ikija K, hiyo ni 21, si blakijeki.

Kujisalimisha ni kuacha mchezo na kurudishiwa nusu ya dau. Ikiruhusiwa baada ya mgawaji kuchungulia, itumie ukiwa na 16 dhidi ya 9, 10 au esi, isipokuwa 16 ya 8 mbili, na ukiwa na 15 dhidi ya 10. Kuna meza, za Macau huko Uchina zikiwemo, zinazokuruhusu kujisalimisha dhidi ya kumi kabla haijajulikana kama mgawaji ana blakijeki. Hiyo ni zawadi: jisalimishe ukiwa na 14, 15 au 16 dhidi ya 10, hata zikiwa jozi. Atlantic City, mji wa kasino huko New Jersey, Marekani, ilianza na ruhusa pana ya namna hiyo kasino zilipofunguliwa mwaka 1978, na ikaondolewa mwaka 1981 kwa sababu mchezaji makini alikuwa anaishinda kasino.

Hatua ya 8: Jina lisikupumbaze

Hapa ndipo ninapopenda zaidi, kwa sababu unaona jinsi watu wa kila pembe walivyouchukua mchezo mmoja wa 21 na kuukata nguo ya kwao.

Nyumbani kwa Waingereza huchezwa pontoon. Kadi mbili za mgawaji zote zimefunikwa, sare ni yake, na kadi tano bila kuvuka 21 hushinda kila kitu ila pontoon yenyewe, yaani esi na kadi ya kumi. Ukiwa na kadi nne zenye jumla ya 15, kwenye blakijeki ungeweza kubaki. Hapo unatamani ya tano. Lakini ukikuta meza ya Pontoon ndani ya kasino ya Australia, hiyo si ndugu yake. Ni Spanish 21 iliyovaa jina lingine: pakiti zake zina kadi 48, kwa kuwa zenye namba 10 zimetolewa zote, zikabaki J, Q na K. Kadi za kumi zikipungua mgawaji anachomeka mara chache, kwa hiyo 12 yako unaiongeza karibu kila mara. Fidia yake ni kwamba 21 ya mchezaji hushinda daima, na kuna malipo ya ziada kwa 21 za namna fulani.

Warusi wana ochko, ya pakiti ya kadi 36: J ni 2, Q ni 3, K ni 4, esi ni 11. Wajerumani wana Siebzehn und Vier, ya kadi 32. Jedwali la hatua ya 3 halina maana yoyote kwenye meza hizo. Usilitoe hata mfukoni. Singapore na Malaysia, familia za Kichina hucheza ban-luck sikukuu za mwaka mpya wao. Esi mbili ndiyo kadi kuu, inayolipa kuliko esi na kumi, na mtu hawezi kubaki na jumla ndogo hata akitaka. Ukialikwa nyumbani kwa watu huko, keti kwanza utazame mizunguko kadhaa, kama ambavyo mgeni angefanya kwenye kadi yetu.

Ndani ya kasino na kwenye simu kuna mbili zinazowavuta wageni. Double Exposure huonyesha kadi zote mbili za mgawaji, na mtu hujiona tayari ameshinda. Gharama yake: sare ni ya mgawaji, na blakijeki hulipa moja kwa moja. Kwa hiyo mgawaji akiwa na 20 wazi nawe una 19, lazima uongeze. Kubaki ni kukubali kushindwa. Blackjack Switch hukupa michezo miwili na kukuruhusu kubadilishana kadi zao za juu, yaani ya pili ya kila mchezo. Gharama yake: mgawaji akifika 22, mchezaji ambaye hajachomeka hupata sare tu, isipokuwa mwenye blakijeki.

Kila meza inayotoa zawadi kubwa usoni, itafute gharama yake kabla ya kuketi. Iko mahali.

Hatua ya 9: Kataa bima

Mgawaji akiwa na esi, utaulizwa kama unataka bima: nusu ya dau lako, inayolipa mbili kwa moja akiwa na blakijeki. Rudisha zile kadi 13 mezani. Tuseme bima ni maharagwe 5. Kadi nne zinakupa 10 kila moja, jumla 40. Tisa zinakuchukulia 5 kila moja, jumla 45. Hesabu imeisha. Hata wewe ukiwa na blakijeki na mgawaji akakutolea malipo ya haraka ya moja kwa moja, ni bima ile ile kwa sura nyingine. Jambo hili halibadiliki Kisumu, London wala Macau.

Hatua ya 10: Tenga pesa kabla hujatoka nyumbani

Ukicheza kwa shilingi 100, mizunguko 60 kwa saa, unaweka jumla ya shilingi 6,000. Kwa sheria nzuri na jedwali, wastani wa kupoteza ni kama shilingi 30. Lakini wastani haukai mezani nawe: kwa saa hiyo moja ni kawaida kabisa kujikuta juu au chini kwa shilingi 900. Kwa hiyo nenda na kiasi ambacho kikiisha utalala usingizi wako, na ukiweke nje ya M-Pesa. Usicheze kwa pesa ya karo, ya kodi ya nyumba, wala ya mkopo wa Fuliza. Nilipokuwa nagawa, kijana mmoja wa bodaboda aliniuliza kwa sauti ya chini kama namjua mtu wa kununua helmeti yake. Nilinyamaza, kanuni za kazi zilinitaka ninyamaze. Hadi leo najuta kunyamaza kule.

Ukikwama

*"Nafuata jedwali sawasawa na bado napoteza."* Kwanza hakikisha ni jedwali la meza hiyo. Kama ndilo, basi hakuna kilichoharibika: jedwali linapunguza unachopoteza, halikigeuzi kuwa mshahara.

*"Mtu wa kiti cha mwisho amechukua kadi ya mgawaji na kutuchoma sote."* Atafanya hivyo mara nyingine na ikawaokoa. Kwa muda mrefu uchezaji wake haukuongezei wala kukupunguzia. Usimtukane.

*"Nikisema 'ongeza' mgawaji hanisikilizi."* Kasino nyingi zinataka ishara ya mkono kwa ajili ya kamera. Gusa meza kwa kidole kuongeza, pitisha kiganja juu ya kadi kubaki.

*"Mgawaji amekosea hesabu."* Usiguse kadi. Inua mkono na useme kabla hazijakusanywa, msimamizi aje azione zikiwa pale pale. Zikishakusanywa ni kazi ngumu zaidi.

*"Mchezo wa simu hauonyeshi sheria zake popote."* Usiweke pesa humo.

*"Vipi kuhesabu kadi?"* Hiyo ni kufuatilia kadi zilizokwisha kutoka ili kujua zilizobaki zinamfaa nani. Edward Thorp, mwanahisabati Mmarekani, alionyesha kwenye kitabu chake cha mwaka 1962 kwamba inawezekana. Huko Nevada, jimbo la Las Vegas, si kosa la jinai, lakini kasino inaweza kukuomba uondoke. Mahakama ya Juu ya New Jersey iliamua mwaka 1982, katika kesi ya Ken Uston, mhesabu kadi maarufu, kwamba kasino haziwezi kumfukuza mtu kwa sababu hiyo peke yake. Kwenye michezo ya simu inayochanganya kadi upya kila mzunguko haina kazi kabisa. Kama bado unasita kwenye 16 dhidi ya 10, achana nayo kwa sasa.

*"Nimekuwa nikirudi kutafuta nilichopoteza."* Acha leo, na umwambie mtu mmoja unayemwamini, umpe kabisa simu usiku wa kwanza. Meza yetu ya maharagwe iko wazi kwako kila Jumapili, na hakuna atakayekuuliza kitu.

*"Nimeketi, nina 8 na 8, mgawaji ana 10, na nimesahau niko meza ya namna gani."* Vuta pumzi, tazama mbele yake. Kama kuna kadi ya pili imelala kifudifudi na ameshaichungulia, tenganisha. Kama ana moja peke yake, muulize kama atachukua madau yote. Akisema ndiyo, gusa meza uongeze.